Panzi, Tunutu, Nzige: Miongo Sita ya Shirika la Nzige, Ikitazamwa kutoka Lodwar na Kakuma

Kiswahili kimempa mdudu huyu majina matatu. Akiwa mpweke kwenye nyasi kavu, rangi yake ya udongo, ukimkaribia anaruka mara mbili na kutulia tena, ni panzi. Akianguliwa mchangani na ndugu zake kwa maelfu, bila mabawa, wakaandamana wote kuelekea upande mmoja, ni tunutu. Akiota mabawa na kupaa na kundi linalolitia jua giza, ni nzige.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa kuyaunganisha mambo hayo. Katika makabati yao ya makumbusho, panzi mpweke na nzige wa kundi waliwekwa mbalimbali, kila mmoja na jina lake la Kilatini. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza kuwa ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Wakisongamana, hubadilika tabia kwanza, kisha rangi, kisha umbo. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha jinsi jambo hilo linavyoanza kwa nzige wa jangwani: miguu ya nyuma ikiguswaguswa na wenzake, kiwango cha serotonini mwilini hupanda, na ndani ya saa chache panzi aliyekuwa akiwakimbia wenziwe anaanza kuwafuata.

Wazo la Uvarov lilikuwa na mzigo ndani yake. Kama nzige hutokana na panzi, basi wa kufuatiliwa ni panzi, na wakati wa kumfuatilia ni miaka ile ambayo hakuna anayemwogopa. Panzi huyo anaishi katika majangwa yanayomilikiwa na mataifa mengi, kuanzia Mauritania hadi India. Kumfuatilia ni kazi ya majirani wote au si kazi ya yeyote.

Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, linalojulikana kwa herufi zake DLCO-EA, lilizaliwa kutokana na mzigo huo. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kutoka Addis Ababa yaliko makao yake, au kutoka Nairobi zinakoegeshwa ndege zake. Hapa tunaisimulia kutoka Lodwar, kwenye mchanga wa mto Turkwel, na kutoka Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kaskazini magharibi, kando ya mto Tarach. Uganda iko upande wa magharibi, Sudan Kusini na Ethiopia kaskazini. Ukitaka kujua kama majirani wanne wanafanya kazi pamoja kweli, simama pale mipaka yao inapokutana.

Kabla ya mkataba

Turkana ya zama za ukoloni ilikuwa nchi iliyofungwa. Kwa sheria ya wilaya za pembezoni, mgeni hakuingia bila kibali. Lodwar ilisifika kuwa mahali pa kumpeleka mtu ili asahaulike. Jomo Kenyatta alizuiliwa hapo kuanzia 1959 hadi 1961. Nzige, kwa upande wao, waliingia na kutoka bila kumwomba mtu ruhusa.

Mawimbi makubwa yaliyoikumba Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndiyo yaliyowasukuma Waingereza kuanzisha kituo cha utafiti wa nzige London, Uvarov akiwa kiongozi wake. Taarifa zilikusanywa kutoka makoloni na nchi jirani, zikachorwa kwenye ramani moja. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, hofu ya kukosa chakula cha majeshi iliongeza bidii. Vikosi vya kupambana na nzige viliundwa Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki, na silaha yao kuu ilikuwa pumba zilizochanganywa na sumu, zikimwagwa kwenye njia ya tunutu. Ilikuwa dawa ya kutisha kwa mtu mwenye mbuzi, kwa kuwa mbuzi hajui kutofautisha pumba za tunutu na pumba zake.

Baada ya vita, Nairobi ikawa makao ya upelelezi wa nzige wa jangwani. Hapo ndipo Reginald Rainey alipofanya kazi iliyobadilisha fani nzima. Akitumia ndege na taarifa za hali ya hewa, alionyesha kwamba makundi ya nzige husafiri na upepo, na upepo huyapeleka mahali ambapo pepo hukutana na mvua kunyesha. Mfugaji wa Turkana anayetazama wingu ili ajue malisho yatachipua wapi, anatazama wingu lilelile linalomleta nzige. Mwaka 1954 makundi kama 50 yaliivamia Kenya, na kubwa kuliko yote lilifunika kilomita za mraba 200, likikadiriwa kuwa na nzige bilioni 10.

Saini za Agosti

Mkataba wa kuanzisha shirika ulitiwa saini Addis Ababa mwezi Agosti 1962. Inafaa kuukumbuka mwezi huo. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi minane. Uganda ilikuwa ikingoja Oktoba. Kenya ilikuwa koloni bado, na ingebaki hivyo hadi Desemba ya mwaka uliofuata. Somalia ilikuwa na miaka miwili, Ethiopia ilikuwa na mfalme, na Ufaransa iliingia kwa sababu ya Djibouti iliyokuwa ikiitawala. Nchi nyingine hazikuwa na bendera bado, lakini tayari zilikuwa zimekubaliana kuhusu nzige.

Makao makuu yalianzia Asmara, na baadaye yakahamia Addis Ababa. Idadi ya wanachama iliongezeka hadi kufikia tisa: Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Isome orodha hiyo polepole ukikumbuka historia. Ethiopia na Somalia zilipigana mwaka 1964, zikapigana tena kwa ukali zaidi katika vita vya Ogaden vya 1977 na 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa, na taasisi za pamoja za utafiti wa kilimo na mifugo zilizokuwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, zikaishia mikononi mwa Kenya. Uganda na Tanzania ziliingia vitani. Eritrea na Sudan Kusini zilizaliwa kwa damu kutoka ndani ya wanachama wenzao.

Katika yote hayo shirika la nzige halikuvunjika. Lilidhoofika, lilidaiwa na lilidai, lakini halikuvunjika. Undugu haukuwa sababu. Kila serikali ilijua kuwa nzige anayeachwa kwa jirani leo atakuwa wake mwezi ujao, na hesabu hiyo haihitaji watu kupendana.

Sumu iliyokataa kufa

Historia ya sherehe huwa na tabia ya kuruka makosa. Hili la dieldrini, dawa ya kuua wadudu, halifai kurukwa.

Kwa miongo kadhaa dieldrini ilikuwa nguzo ya vita dhidi ya tunutu. Ilinyunyizwa kwa mistari yenye nafasi katikati, na tunutu walipoandamana waliukuta mstari wenye sumu, wakala majani, wakafa. Mstari mmoja ulifanya kazi kwa wiki nyingi, na kazi ikawa rahisi. Lakini kilichoifanya iwe rahisi ndicho kilichoifanya iwe hatari: dieldrini haiozi upesi. Hujikusanya kwenye mafuta ya wanyama na kwenye maziwa. Katika nchi ambako maziwa ni chakula kabla ya kuwa bidhaa, hilo si jambo dogo. Iliachwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati uleule ambapo mlipuko mwingine wa nzige ulikuwa ukienea kuanzia Sahel hadi Bahari ya Shamu.

Pengo hilo lilizaa utafiti mpya. Mwaka 1989 ulianza mradi wa kimataifa uliopewa jina LUBILOSA, uliotafuta dawa hai. Ulifaulu na kuvu aitwaye Metarhizium, ambaye humshika nzige na jamii yake, akamla kutoka ndani, bila kumdhuru mbuzi wala nyuki. Udhaifu wake ni kwamba huchukua siku kadhaa kuua, na serikali yenye wananchi wanaolalamika huona siku kadhaa kuwa nyingi mno. Jijini Nairobi, taasisi ya icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilichukua njia nyingine. Watafiti wake, akiwemo Ahmed Hassanali, walichunguza harufu ambazo nzige hutumia kuambiana wakusanyike, na wakagundua kuwa harufu ya nzige dume waliokomaa huwavuruga tunutu wasiandamane pamoja. Badala ya kumuua mdudu, unamvunjia maandamano.

Miaka ya kimya

Nzige hatokei kila mwaka. Anaweza kupotea kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Shirika lililoanzishwa kwa ajili yake lilipewa kazi nyingine pia: viwavijeshi, ambao husafiri usiku wakiwa nondo na kuangukia mashamba ya mahindi na malisho, kweleakwelea wanaoweza kumaliza shamba la mtama kwa asubuhi chache, na mbung'o. Mitego ya nondo wa viwavijeshi ilipangwa katika nchi kadhaa, na idadi ya nondo walionaswa ikawa onyo kwa mkulima aliye kilomita mamia mbele ya upepo.

Lakini miaka ya kimya ndiyo adui mkubwa wa taasisi ya namna hii. Waziri wa fedha akiiangalia orodha ya madeni, haoni nzige; anaona marubani, mafuta ya ndege na mishahara. Michango ya wanachama ilichelewa, mingine kwa miaka. Ndege zilizeeka. Wataalamu walistaafu na ujuzi wao wa kutambua mchanga wenye mayai kwa kuuchokoa kwa kisu. Wengi walioijua sauti ya kundi likitua juu ya miti ya Turkana walikuwa wazee, na wajukuu waliwasikiliza kama wanavyosikiliza hadithi za zamani.

Maji ya Rub' al Khali

Wimbi lililokuja lilianza mbali sana na Lodwar. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua katika Rub' al Khali, jangwa kubwa la kusini mwa Arabia. Oktoba mwaka huohuo kikafuata kimbunga Luban. Mchanga ukalowa, majani yakaota mahali pasipo na barabara wala kituo cha upelelezi, na nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi bila kuonekana. Kila kizazi, hali ikiwa nzuri, kinaweza kuongezeka mara ishirini katika muda wa miezi mitatu. Mwaka 2019 walikuwa Yemen, ambako vita vilizuia upelelezi; kisha wakavuka bahari kuingia Pembe ya Afrika. Desemba kimbunga Pawan kilileta mvua Somalia, na tarehe 28 ya mwezi huo makundi ya kwanza yakaingia Kenya.

Kwa Kenya, lilikuwa janga kubwa la nzige kuliko yote kwa miaka 70. Kundi moja kaskazini mashariki lilipimwa likaonekana kufunika eneo la kilomita 60 kwa 40. Kilomita moja ya mraba ya kundi huweza kubeba nzige kati ya milioni 40 na milioni 80, na kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Mwezi Februari 2020 nzige walivuka kutoka Kenya kuingia Karamoja nchini Uganda, wakafika Sudan Kusini, na wakaonekana hata Kongo, ambako hawakuwa wameonekana tangu 1944.

DLCO-EA, chini ya mkurugenzi wake Stephen Njoka, lilikuwa na ndege chache za kutosha kuonyesha kuwa lipo, lakini haba kwa ukubwa wa kazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikodi nyingine. Machi corona ikafunga viwanja vya ndege, na dawa zikachelewa njiani.

Lodwar, 2020

Kufikia katikati ya mwaka huo Turkana ndiyo iliyokuwa ngome ya nzige nchini. Mvua za akiporo, msimu wa mvua wa Waturkana, zilikuwa nzuri, na mchanga uliolowa na majani mabichi kando yake ndivyo jike la nzige anavyotafuta. Huzamisha ncha ya tumbo sentimita kumi au zaidi, akaacha mkoba wenye mayai kwa makumi. Kama wiki mbili baadaye mchanga unaanza kutikisika.

Vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, waliletwa wakiwa na pampu za mgongoni na barakoa. Walipewa mafunzo ya haraka, wakatawanywa kwenye lagga, mito ya msimu, na mabonde. Kundi hulala mitini usiku na kungoja jua liwape joto, kwa hiyo kazi ya kunyunyiza ilianza alfajiri. Aliyewaongoza vijana hao hadi kwenye miti yenyewe, mara nyingi, alikuwa mchungaji. Ramani za satelaiti zinaonyesha wapi kuna majani mabichi. Mchungaji anajua ni wapi panapopitika.

Hapa utafiti wa mipakani ulipata sura mpya. FAO na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani walitengeneza programu ya simu iliyomwezesha mtu yeyote mwenye simu ya kawaida ya kisasa kupiga picha ya tunutu au nzige na kutuma mahali alipowaona. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, kiitwacho ICPAC, kilianza kutabiri safari za makundi kwa nchi zote za kanda. Na icipe ilichukua kumbukumbu za mazalia ya nzige kutoka Morocco, Mauritania na Saudi Arabia, ikaifundisha kompyuta kuuliza: mahali gani katika Afrika Mashariki panafanana na pale? Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Turkana ilikuwamo katika maeneo ya hatari, pamoja na Marsabit, Wajir, Mandera, kaskazini mashariki mwa Uganda na sehemu za Sudan Kusini. Elimu ya mchanga wa Mauritania ilikuwa imefika Lodwar.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu za nzige hulipima vibaya, na mtu wa Turkana analiona kwa urahisi. Hasara ya nzige huhesabiwa zaidi kwa magunia: mahindi kiasi gani, mtama kiasi gani. Turkana mashamba ni machache, na yaliyopo yanafuata mito. Kinacholiwa hapa ni ewoi, ule mgunga mrefu wa kingo za Turkwel na Tarach. Familia nyingi zina haki ya kimila juu ya miti ya mtoni, haki inayoitwa ekwar, na maganda ya ewoi ndiyo akiba ya mbuzi wakati wa akamu, kiangazi kirefu. Nzige wakiumaliza mti leo, hakuna gunia lililopotea. Miezi minne baadaye mbuzi hana maziwa, na hakuna takwimu ya nzige itakayoyakumbuka maziwa hayo.

Kakuma ilionyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Kambi yake ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992, hulishwa kwa mgao, na nafaka ya mgao husafiri kutoka mbali; nzige hawaifikii. Lakini kambi hiyo ni soko pia. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 ndani na kandokando yake. Mturkana huuza mbuzi, maziwa, kuni na makaa kwa mkimbizi. Mkimbizi humuuzia mwenyeji sehemu ya nafaka na bidhaa za duka. Bustani ndogo za mchicha na kunde hunyweshwa maji yanayomwagika mabombani. Mbuzi wa mwenyeji akikosa jani, bei ya nyama hupanda kwa mkimbizi. Julai 2020 watabiri walisema makundi ya kaskazini magharibi mwa Kenya yangeelekea kaskazini, juu ya Sudan Kusini, kwenda Sudan. Nchi hizo ndizo walizozikimbia wengi wa watu wa Kakuma.

Anayehesabu panzi

Kufikia mwanzoni mwa 2022 wimbi lilikuwa limekwisha. Sifa ziligawanywa, na nyingi zilistahili: marubani, vijana wa NYS, wachungaji, watafiti. Sehemu ya sifa ni ya ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilianza kukosa, msimu baada ya msimu, hadi mitano mfululizo. Ukame uliowanyima nzige mchanga wa kutagia ndio huohuo uliowaua mbuzi wa Turkana. Wafugaji wengi walivuka tena kwenda Karamoja kutafuta malisho, wakiegemea makubaliano ambayo Kenya na Uganda zilitia saini Moroto mwezi Septemba 2019, siku mia moja na ushee kabla ya nzige kuingia.

Mwaka huohuo wa 2022 DLCO-EA lilitimiza miaka 60. Mtu anaweza kuiadhimisha kwa kuhesabu makundi yaliyopigwa na hekta zilizonyunyizwa. Kipimo cha haki zaidi kiko mahali pengine. Mwaka 1962 mataifa mengine ambayo hayakuwa hata na bendera yalikubali kulipia ulinzi dhidi ya kitu ambacho huenda kisitokee, katika ardhi ya jirani, kwa faida ya mtu asiyemjua. Kila mara ahadi hiyo ilipolegea, nzige walilipata pengo. Kila mara ilipokazwa, hakuna aliyeona lolote, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Leo, kwenye mchanga wa Turkwel nje ya Lodwar, yupo panzi mmoja wa rangi ya udongo. Ni mpweke, huruka usiku, hamdhuru mtu. Ukimkaribia anaruka mara mbili na kutulia. Swali la miaka mingine sitini ni dogo kama yeye: je, yupo mtu aliyelipwa kuja kumhesabu, na mwezi huu mshahara wake umefika?